Uzi wa wauguzi wa ICU ya moyo: dreni ikikauka ghafla usifurahi

Muuguzi_Chake:
Asalaam alaikum ndugu zangu. Mie muuguzi, kwetu Chake, sasa hivi nipo Unguja. Nna miaka 11 kazini na katika hiyo 7 ni ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na nlipata bahati ya kupelekwa bara kujifunza kuwaangalia wagonjwa wa moyo wanaotoka kupasuliwa kifua. Nafungua uzi huu kwa sababu kila mara napata ujumbe wa wadogo zetu waliopangiwa ICU mara ya kwanza, dada nisome nini, dada nnaogopa. Kusoma mtasoma, vitabu vipo, mie nataka tuandikiane yale yaliyotukuta wenyewe usiku saa 8 daktari yuko kwake na wewe uko peke yako na kitanda.

Naanza na langu. Ilikuwa bado niko kwenye mafunzo, wiki ya 3, zamu ya usiku. Nkapewa msichana wa miaka 19, valvu yake, ule mlango wa moyo, ilikuwa imeliwa na ile homa inayoanzia kooni, koo la utotoni halikutibiwa, baada ya miaka valvu haifungi wala haifunguki sawa. Kabadilishwa valvu mchana, kaletwa kwetu na mirija miwili ya dreni kifuani, ile ya kutolea damu. Saa ya kwanza dreni ikatoa mililita 120, ya pili 90, ya tatu 80, mie roho juu kwa sababu nlishaambiwa damu ikizidi 200 kwa saa piga simu. Saa ya nne ikatoa 10. Saa ya tano hamna kitu. Wallahi nlishukuru Mungu, nkaandika kwenye chati na nkamwambia mwenzangu kitanda cha pili kwamba wangu keshaacha kutoka damu.

Baada ya hapo mambo yakaanza kuja kidogo kidogo na hapa ndo nataka mnisikilize. Mapigo yalikuwa 96 yakawa 108 yakawa 118, nkasema maumivu. Presha ya juu 105 ikawa 98 ikawa 88, nkasema dawa ya usingizi. Mkojo 40 kwa saa ukawa 10, nkaenda kutizama katheta, ule mpira wa mkojo, kama imejikunja. Presha ya mshipa mkubwa wa shingoni ilikuwa 8 ikapanda mpaka 16, na hiyo nliiandika tu, sikuisema. Kila kimoja nlikipatia sababu yake na kila sababu peke yake ilikuwa inaingia akilini, vyote pamoja sikuvikusanya.

Akaja sista mkubwa wa zamu, hakutizama monita kwanza, alimshika miguu. Akanambia, "miguu baridi hii, dreni yake imekauka au imeziba?" Nkahisi damu inanishuka. Mrija ulikuwa umezibwa na donge la damu, damu ilikuwa inaendelea kutoka, haina pa kupita, inajaa kwenye kifuko cha moyo na kuubana moyo usijae. Daktari wa upasuaji aliitwa, akafunguliwa tena, donge likatolewa, presha ikarudi palepale. Yule msichana alitoka hospitali anatembea kwa miguu yake. Lakini mie nlikuwa nishamsherehekea.

Bint_Wete:
Waalaikum salaam dada. Nimesoma mpaka mwili umesisimka. Mie ndo hao wadogo, nna miezi 4 tu. Sasa dada nitajuaje kama imekauka kwa kheri au imeziba? Na la pili, mie usiku kumwamsha daktari mkubwa naona haya kweli, nnapiga simu naanza samahani daktari samahani kukusumbua mpaka anauliza unataka nini.

Muuguzi_Chake:
Bint, ya kheri hushuka polepole, 120, 90, 60, 40, na mgonjwa wake anapata nafuu huku inashuka, mikono inapata joto, mkojo upo. Ya shari hukatika kama bomba lililofungwa na mgonjwa anarudi nyuma. Ukiona imekatika, fuata mrija kwa mkono kuanzia kifuani mpaka kwenye chupa, kwengine mgonjwa kaulalia, kwengine umejikunja chini ya shuka, tizama kama maji ya chupa yanapanda na kushuka. Usiubane na klempu ili ujaribu, na usiukamue kwa nguvu kwa sababu ule mvuto unaweza kuumiza ndani. Na usisubiri dalili zote zije pamoja kama zilivyopangwa kitabuni, mgonjwa aliyetoka upasuaji wa moyo mara nyingi anakuja na mbili au tatu tu.

La simu. Sie tumelelewa na adabu na adabu ni nzuri, lakini samahani 3 mwanzo wa simu zinamlaza daktari tena. Mie siku hizi naandika kwenye karatasi kabla sijapiga. Nasema hivi: daktari shikamoo, mie fulani wa ICU, mgonjwa wa kitanda cha 3, valvu, katoka theatre saa 9 mchana. Dreni ilikuwa 80 kwa saa, sasa saa 2 nzima haitoi kitu. Presha ilikuwa 105 sasa 88, mapigo 118, mkojo 10, miguu baridi. Naogopa damu imejaa kwenye kifuko cha moyo. Nakuomba uje sasa hivi. Shikamoo yako ishatosha kwa adabu. Hilo la mwisho, nakuomba uje, lazima liwemo, usimwachie akisie unataka nini.

Ami_Makunduchi:
Salaam. Mie wa zamani kidogo, nimeanza kazi kabla ya lile giza la mwisho wa 2009 mpaka 2010 Unguja nzima ikakaa miezi 3 bila ya umeme wa bara, tuliokuwa kazini zama zile tunajua kusikiliza mgonjwa bila ya mashine. Nakubaliana na mtoa uzi asilimia mia kwenye kushika miguu. Niongeze la alamu.

Kijana mmoja wetu alikuwa anapita akaona kwenye monita ya kati mawimbi mapana ya haraka, akapiga kelele, akakokota difibrileta, mashine ya kushtua moyo, mbio. Kufika, mzee amekaa kitandani anapiga mswaki. Mkono unaotikisika unachora mawimbi yanayofanana na mapigo ya kifo, na lidi, yaani waya wa kifuani, iliyochomoka inachora mstari ulionyooka. Kwa hiyo kabla hujafanya chochote mwite jina, shika mshipa wa shingo, tizama na wimbi la oksijeni kidoleni, kama lile la kidoleni linapiga sawasawa basi moyo unapiga.

Sasa wapo wanaochukua hadithi hii vibaya, wakishaona alamu ya uwongo mara 10 wanaizima ya 11 bila kunyanyua macho. Hapo ndo watu wanakufa. Dawa yake ni kupunguza za uwongo, na kwetu huku adui mkubwa ni jasho. Joto la huku na unyevu wa huku elektrodi, zile zinazobandikwa kifuani, hazishiki, zinashikilia nusu. Mie kila asubuhi nikimuosha mgonjwa nazibadilisha zote, napangusa ngozi na kukausha barabara, mwenye nywele kifuani namnyoa pale tu panapohitajika. Na mipaka ya alamu napanga kwa mgonjwa mwenyewe, huwezi kumpangia kikomo cha chini 60 mtu ambaye mapigo yake ya kila siku ni 54 kwa dawa anazokunywa, italia usiku kucha mpaka mtaichukia.

Na kuhusu umeme: jua pampu ipi betri yake imechoka. Mgonjwa anayeshikiliwa na noradrenalini ya kupandisha presha, ile dawa haikai mwilini, ikikatika dakika 2 tu presha inaanguka. Sirinji ya pili naiandaa ya kwanza ikiwa bado ina ya nusu saa, na kama pampu za kutosha zipo naanzisha mpya huku ya zamani bado inakwenda, presha ikianza kupanda ndo naitoa ya zamani. Na kila ventileta, mashine ya kupumulia, iwe na ambu beg, mfuko wa kumpumulishia kwa mkono, pembeni yake, iwe imening'inizwa pale pale, kabatini haitakusaidia kitu.

Sista_Ngambo:
Ahsanteni sana. Mie niko mapokezi ya dharura, sio ICU, lakini wagonjwa wenu wanapita kwangu kwanza, na nna uchungu na jambo moja nataka niliseme hadharani: ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, za wanawake.

Mwanamme akija kashika kifua, ECG kapigwa ndani ya dakika 10 kama inavyotakiwa. Mwanamke akija, kavaa baibui, kafuatana na mume na mkwe na shemegi, anasema tumbo la juu linachoma, nimechoka, natapika, natoka jasho, anaambiwa vidonda vya tumbo, anapewa dawa ya gesi akae bench. Na akiwa na sukari ndo kabisa maumivu ya kifua anaweza asiyasikie. Kisha ikiamuliwa ECG watu wanaona tabu kumvua, inapigwa kwa kubahatisha juu ya nguo ya ndani, lidi zinaekwa juu ya ziwa, picha inatoka mbovu na daktari anasoma kitu ambacho hakipo au anakikosa kilichopo.

Mie navyofanya. Nawaomba wanaume watoke, kwa heshima lakini sio kwa kubembeleza, nasema dakika 5 tu ami, tunapima moyo wa bi mkubwa. Navuta pazia. Namfunika kanga kifuani, namuomba mwenyewe avue ndani kwa ndani, halafu naingiza mkono chini ya kanga kwa kufuata mbavu. Lidi ya kwanza mwanya wa 4 wa mbavu, pembeni mwa mfupa wa kifua upande wa kulia, ya pili upande wa kushoto usawa huo huo, ya nne mwanya wa 5 ukishuka katikati ya mtulinga, ya tatu baina ya ya pili na ya nne, kisha ya tano na ya sita usawa ule ule kuelekea kwapani. Ziwa linanyanyuliwa kwa mgongo wa mkono na lidi inakaa chini yake. Nnamsemesha muda wote, sasa nagusa hapa, sasa hapa. Hajawahi mtu kunikatalia. Mwaka jana mama mmoja kaja kwa "vidonda", keshazungushwa siku mbili, ECG yake ilikuwa ya mshtuko wa moyo wazi kabisa, sehemu ya chini ya moyo. Akapewa aspirini ya kutafuna akapelekwa. Na huyo wa chini jamani msikimbilie kumpa ile dawa ya chini ya ulimi kabla hamjapiga ECG ya upande wa kulia, moyo wa kulia ukiwa umeguswa presha inaporomoka mikononi mwenu.

Kijana_Darajani:
Sista hongera. Sie tuliosomeshwa zamani tuliambiwa kila mgonjwa wa moyo mtilie oksijeni kwanza, mengine baadaye. Nami mpaka leo natia kwa wote na sijaona aliyedhurika.

Ami_Makunduchi:
Mdogo wangu, nami nilisomeshwa hivyo hivyo na niliifanya miaka mingi. Lakini wameshalipima. Kule Sweden walitoa matokeo 2017, wagonjwa zaidi ya 6,000 wanaodhaniwa wana mshtuko wa moyo, oksijeni yao kwenye damu ikiwa asilimia 90 kwenda juu, nusu wakatiliwa oksijeni nusu wakaachwa, baada ya mwaka vifo havikutofautiana. Kwa hiyo akiwa chini ya 90, au anahema kwa tabu, mtilie haraka. Akiwa 97 anazungumza na wewe, mtungi ule mbakishie anayeuhitaji, na huku visiwani mtungi ni mali.

Kijana_Darajani:
Sawa ami, nimefahamu. Hilo la mtungi limeniingia.

Mwana_wa_Kojani:
Samahanini wauguzi, mie si wa fani yenu, nimeingia kwa sababu baba yangu mvuvi, moyo wake umetanuka, kalazwa mara 3 mwaka huu, kila akitoka baada ya wiki mbili tatu miguu inajaa tena, usiku anakaa dirishani hawezi kulala chali. Anakunywa dawa zote nazihesabu mwenyewe. Tunakosea wapi? Na sasa Ramadhani inakaribia anasema lazima afunge.

Muuguzi_Chake:
Kaka karibu sana, uzi huu ni wenu pia. Pole kwa mzee. Nikuulize kwanza, kitoweo chake nini?

Mwana_wa_Kojani:
Samaki. Siku za upepo bahari ikichafuka ng'onda na papa mkavu. Na madafu anapenda, nampa kila siku kumpa nguvu.

Muuguzi_Chake:
Hapo hapo kaka. Ng'onda na papa mkavu ni chumvi tupu, hata ukimrowesha usiku kucha inabakia. Chumvi inavuta maji, maji yanakwenda miguuni na mapafuni, na vidonge vya kukojoza vinashindana na sahani ya wali. Mzee anaweza kuacha chumvi ya mezani kabisa na bado akala nyingi mno kwenye kipande kimoja cha papa. Mpeni samaki mbichi, mtieni ndimu, pilipili, kitunguu thomu, nazi kidogo. Urojo wa barabarani na vibandiko vyake apumzike navyo. Najua Kojani mvuvi kumwambia asile papa ni kama kumwambia asivae kikoi, lakini mfahamisheni kwa nini, mzee akifahamishwa anakubali kuliko akikatazwa.

Madafu nayo. Dafu lina potasiamu nyingi. Tizama kwenye dawa zake kama imo spironolaktoni, au zile za presha zinazoishia na "pril" au "sartan", hizo zinabakisha potasiamu mwilini, na kama figo nazo zishachoka, potasiamu ikipanda moyo unaweza kusimama bila ya kuaga. Sisemi dafu ni sumu. Nasema aache kwanza mpaka apimwe damu na daktari aseme.

Na mzani. Nunueni mzani au muazime. Kila asubuhi akishakojoa, kabla hajala, nguo zile zile, muandike. Akipanda kilo 2 ndani ya siku 3 hayo ni maji sio mwili, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo akiwa bado anatembea. Huko ndo kutamuepusha kulazwa mara ya nne.

La kufunga, mie si shekhe. Ninachojua kazini ni kwamba kila Ramadhani tunawapokea waliokunywa dozi ya siku nzima kwa mpigo mmoja wakati wa daku, au walioacha kabisa, na wengine wanafuturu kwa maji lita mbili na sambusa. Mpelekeni kwa daktari wake kabla ya mwezi kuandama, na akiambiwa usifunge basi mchukueni kwa shekhe mnayemuamini, mgonjwa ana rukhsa yake na mzee ataridhika akiisikia kwa shekhe kuliko kwangu mie.

Sista_Ngambo:
Kaka wa Kojani, na kama kati ya vidonge vyake kimo digoksini, dawa ya moyo, akianza kutapika, hataki chakula, au anasema anaona kila kitu njano njano, msiseme ni uzee. Mpelekeni. Sie wodini hatumpi mtu digoksini mpaka tuhesabu mapigo dakika nzima, yakiwa chini ya 60 tunaizuia na tunauliza.

Mwana_wa_Kojani:
Allah awalipeni. Mzani nnanunua kesho. Madafu nilikuwa nampa mie mwenyewe kwa mkono wangu.

Muuguzi_Chake:
Usijilaumu kaka, ulimpa kwa mapenzi na hakuna aliyekwambia. Hilo ni letu sie, tunamruhusu mgonjwa na mfuko wa dawa bila ya kumuuliza anakula nini.

Bint_Wete:
Dada kuna kitu nataka kukisema, kimenitesa. Hospitali niliyokuwa mwanzo, siitaji, mgonjwa alikuwa anachomwa sindano ya kuzuia damu kuganda kila baada ya saa 12, saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Aliyeandika chati kaandika 2:00. Mie naingia zamu ya mchana nimesoma ile 2:00 kwa kizungu, nikamchoma saa 8 mchana. Saa 2 usiku mwenzangu akaja akamchoma tena. Alhamdulillahi hakutoka damu, lakini sikulala. Nilikwenda mwenyewe kwa sista mkuu nikasema.

Ami_Makunduchi:
Umefanya vyema kusema, wengi wangenyamaza. Saa zetu za Kiswahili na saa za chati zinagombana kila siku na hili halimo kwenye kitabu chochote cha wazungu kwa sababu wao hawana tatizo hilo. Kwetu tulikubaliana hivi: kwenye karatasi ni 08:00, 14:00, 20:00 basi, na mdomoni unataja na kipande cha siku, saa 2 ya usiku, saa 8 ya mchana. Mtu akitaja saa peke yake kwenye ripoti ya zamu tunamsimamisha.

Na maadamu tumefika kwenye sindano, kloraidi ya potasiamu. Ampuli yake na ampuli ya maji ya kuchanganyia dawa zinaweza kufanana kabisa. Potasiamu haisukumwi kwa sirinji mshipani, kamwe, wala kwa haraka ipi. Inachanganywa kwenye dripu, inatikiswa, inapita kwa pampu, kwa mshipa wa mkono tusizidi milimoli 10 kwa saa na mgonjwa awe kwenye monita. Wagonjwa wa moyo tunapenda potasiamu yao iwe 4 kwenda juu kwa hiyo sie ICU ya moyo tunaishika kila siku, na kitu unachokishika kila siku ndo unakizoea. Yetu inakaa kabati lake, ina kufuli, wanasoma watu wawili kwa sauti.

Kijana_Darajani:
Ami wewe ushakaa sana, niambie la kufariki. Mie CPR, kusukuma kifua na kumpumulishia, naijua, 30 kwa 2, kifua kishuke sentimita 5 mpaka 6, mara 100 mpaka 120 kwa dakika. Lakini jamaa wakiwa mlangoni wanalia mikono inanitetemeka.

Ami_Makunduchi:
Mikono ikitetemeka peana nafasi, kila dakika 2 lazima mbadilishane hata kama unajiona bado una nguvu, kifua hakishuki sawa ukishachoka na wewe hujijui.

Kuhusu jamaa, zamani tulikuwa tunawafungia nje. Siku hizi mie natafuta mmoja wetu, asiyekuwa na kazi kwenye kile kitanda, kazi yake iwe kusimama nao tu. Anawaambia tunachofanya kwa maneno mepesi, moyo umesimama, tunausukuma sisi, dawa anapewa kila dakika chache. Wakitaka mmoja aingie, mtu mzima asiyeanguka, anaingia anasimama kichwani. Niliwahi kuwa na mama mmoja, mwanawe wa kiume akasimama kichwani anamsomea shahada sikioni huku sie tunasukuma kifua, tulisukuma dakika 40, hakurudi. Yule kijana alinikuta msikitini baada ya mwezi, akanishika mkono akasema niliona kwa macho yangu mlivyohangaika na mama. Wale tuliowafungia nje miaka ile, wapo mpaka leo wanaamini tulimwacha mtu wao.

Tukisimamisha, tunazima alamu zote kwanza. Ile kelele ikiendelea mtu keshakufa inaumiza sana. Tunamfunga kidevu, tunamfunga macho, mirija tunaitoa kama hakuna amri ya kuiacha, kisha ndo wanaingia.

Bint_Wete:
Mungu awarehemu wote. Dada samahani narudi na langu la haraka, kesho kutwa naambiwa nimsindikize mgonjwa, moyo umeshindwa, anatoka huku Wete anakwenda Mkoani kupanda boti ya Unguja na baadaye ataendelea Dar kwenye taasisi ya moyo. Oksijeni lita 5 kwa dakika. Sijawahi. Nibebe nini?

Muuguzi_Chake:
Hesabu oksijeni kwanza. Tizama ujazo wa mtungi, umeandikwa begani kwake, zidisha na bar unazoziona kwenye geji. Mtungi wa lita 10 ukisoma bar 100 una lita 1,000. Gawa kwa 5, dakika 200, ndo saa 3 na dakika 20. Lakini mgonjwa anaweza kuchafuka akataka 10 kwa dakika, hapo imebaki dakika 100 tu. Na usihesabu muda wa boti peke yake. Hesabu kuanzia anapotoka kitandani Wete, barabara mpaka Mkoani, kusubiri bandarini, bahari, kushuka Malindi, gari, mpaka kitanda cha upande wa pili. Ukipata jumla ongeza nusu yake juu. Mie niliwahi kukaa bandarini saa nzima na nusu boti haijafunga gati na geji inashuka mbele ya macho yangu.

Piga simu kule anakopokelewa wewe mwenyewe, uzungumze na muuguzi, jina lake uliandike. Kanula za mshipani mbili, sio moja, na zifunge vizuri kwa sababu kwenye ngazi ya boti zinachomoka. Lasix ya sindano ya kukojoza, adrenalini, ambu beg, sakshen ya mkono ya kufyonza makohozi, mashine ya presha ya mkono kwa sababu ile ya umeme, boti ikitikisika, inasoma uwongo. Akae nusu kuketi, usikubali wamlaze chali ili apate nafasi ya kupita. Muulize daktari kama apewe dawa ya kuzuia kutapika kabla hamjaondoka, bahari ikichafuka hakuna anayesalimika. Nawe kula kitu kikavu, muuguzi akilala sakafuni anatapika mgonjwa hana mtu. Muombe jamaa mmoja tu akae karibu, wengine wakae mbele, na umfundishe yule mmoja kukuitia ukimwambia.

Karatasi zote tia kwenye mfuko wa plastiki, ECG kopi mbili.

Bint_Wete:
Nimeandika yote. Mtungi tunao wa lita 10, leo geji inasoma 140.

Ami_Makunduchi:
140 ni lita 1,400, kwa 5 ni dakika 280. Hautoshi kwa safari hiyo, dai wa pili leo leo usingoje kesho kutwa. Fungua mtungi wenyewe usikilize, pengine valvu inavuja hujui. Na ile spana ya kufungulia mtungi ifunge kwa kamba kwenye shingo ya mtungi, usiitie mfukoni wala kwenye begi. Mitungi miwili, spana mbili.

Bint_Wete:
Spana tunayo moja. Naenda stoo sasa hivi.